Setilaiti Inapima Maji ya Nchi Nzima, Kisima Chako Kipime Mwenyewe

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Chamwino alinitumia picha kwenye WhatsApp. Ilikuwa ramani ya Tanzania iliyopakwa rangi, kwetu huku bluu, kwingine njano kidogo. Chini yake ameandika: "Shikamoo bwana shamba. Huyu jamaa anasema ana ramani ya setilaiti inayoona maji chini ya ardhi. Anataka laki tatu na nusu anionyeshe pa kuchimba kwenye ekari zangu nane. Nimpe?"

Nilimjibu neno moja tu: usimpe. Halafu nikakaa na simu mkononi nikijisikia vibaya. Jibu la neno moja halimsaidii mtu, maana kesho atakuja mwingine na ramani nyingine. Na pia ramani ile naijua. Si ya uongo. Mimi mwenyewe niliwahi kuitumia vibaya, na kuna watu waliolipia kosa langu. Nitafika huko. Kwanza niwaeleze inatoka wapi, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini nasema ramani ni ya kweli na muuzaji ni tapeli, vyote viwili kwa pamoja.

Kila kitu chenye uzito kinavuta kingine. Hiyo mlisoma shuleni. Na maji ni mazito: mita moja ya ujazo ni tani moja. Ikinyesha mvua ya milimita 100 kwenye ekari moja, umepokea tani 400 hivi. Ikinyesha hivyo mkoa mzima wa Dodoma, ni tani bilioni 4 zimeongezeka juu ya ardhi ambayo wiki jana ilikuwa kavu. Uzito huo unabadilisha nguvu ya uvutano ya mahali hapo. Kidogo mno, wewe na mimi hatuwezi kuihisi tofauti, lakini ipo.

Machi 2002 Wamarekani wa NASA pamoja na Wajerumani wa DLR walirusha setilaiti mbili pacha kwa mpango walioupa jina la GRACE. Moja inatangulia, nyingine inafuata nyuma, kwenye njia ileile, kilomita karibu 500 juu yetu. Umbali kati yao ni kilomita 220 hivi, kama ukichora mstari ulionyooka kutoka Dodoma mjini hadi Morogoro. Sasa sikilizeni, hili ndilo watu wengi hawalijui: hazipigi picha ya maji. Kazi yao ni kupimana wao kwa wao. Ya mbele ikikaribia eneo lenye uzito zaidi inavutwa kidogo, inachomoka mbele, pengo linaongezeka. Ya nyuma ikifika eneo hilo nayo inavutwa, pengo linapungua. Walikuwa wakilipima pengo hilo kwa mawimbi ya maikrowevu kwa usahihi wa mikrometa moja hivi. Unywele wako mmoja ni mnene mara kadhaa ya makumi kuliko hapo.

Zikizunguka mwezi mzima zinakuwa zimepita kila mahali, na wataalamu wanatengeneza ramani ya uvutano wa dunia ya mwezi huo. Mwezi unaofuata, ramani nyingine. Milima haihami kwa mwezi, kwa hiyo kwenye nchi kavu tofauti kati ya ramani mbili karibu yote ni maji: ya mtoni, ya ziwani, ya kwenye udongo, ya chini kwenye mwamba.

GRACE ya kwanza ilichoka, betri zikaisha nguvu, kazi ikakoma 2017. Nyingine, GRACE-FO, ilirushwa tarehe 22 Mei 2018. Katikati kuna karibu mwaka mzima ambao hauna kipimo, kama daftari la mkulima lililoliwa na mchwa kurasa za katikati. Hii ya sasa imeongezewa kipimo cha leza ambacho kinahesabu kwa nanometa, mara nyingi zaidi ya ile ya zamani.

Najua swali linalofuata, maana nimeulizwa mara nyingi: kama kitu kinapima sehemu ndogo ya unywele, kinashindwaje kuona kisima changu?

Fikirieni mizani ya barabarani, ile ya malori. Lori limepita jana, leo limepita tena, mizani inakuambia limeongezeka tani mbili. Sawa, mizani haijakosea. Lakini haikuambii ni gunia la nani lililoongezeka, haikuambii kama ni mahindi au ni mbaazi, wala haijui kama dereva amejaza tangi la mafuta. Setilaiti hizi ni mizani ya namna hiyo, na lori lake ni kubwa kweli kweli. Eneo dogo zaidi zinaloweza kulipima vizuri ni kama kilomita 300 kwa 300. Hizo ni kilomita za mraba 90,000, zaidi ya mara mbili ya mkoa wa Dodoma. Kwa hesabu za kwetu ni ekari milioni 22. Sasa wewe una ekari nane. Jamaa anakwambia kwa ramani hiyo atakuonyesha uchimbe chini ya mbuyu au karibu na mfereji.

Kuna ramani zenye vijiraba vidogo zaidi, mtaziona mtandaoni. Hizo zimepatikana kwa kuchanganya kipimo cha setilaiti na hesabu za programu ya kompyuta kuhusu mvua, udongo na mimea. Zina faida yake katika kufuatilia ukame wa eneo kubwa. Lakini kile kijiraba kidogo kimekadiriwa na kompyuta, haijakiona setilaiti.

Jambo la pili, kubwa kuliko hilo. Ramani hizi zinaonyesha mabadiliko. Hazionyeshi kiasi kilichopo. Bluu maana yake ni kwamba mwezi huo kuna uzito zaidi ya wastani wa miaka fulani. Ghala lenye gunia tatu likiongezwa moja litakuwa bluu. Ghala lenye gunia mia likitolewa kumi litakuwa jekundu. Utaenda kula kwenye lipi?

Hapa ndipo nilipokosea mimi.

Mnakumbuka mvua za mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020. Mito ilifurika, barabara zikakatika, na Mei 2020 Ziwa Victoria likafika kina ambacho kilivunja rekodi iliyokuwepo tangu 1964. Setilaiti ziliona yote hayo. Ramani ya Afrika Mashariki ikawa bluu tupu. Mwaka 2021 vijana wanne walikuja ofisini kwangu, wana mkopo wa kikundi, wanataka kulima tikiti na hoho kwa kisima kirefu na pampu ya sola. Nilikuwa nimetoka kwenye semina, ramani ile ninayo kwenye simu, na nilikuwa na kiherehere cha kuonekana wa kisasa. Nikawaonyesha. Nikasema, "Angalieni bluu yote hii, maji yapo." Wakafurahi. Mimi pia nikafurahi.

Walichimba mita 90. Fundi alisukuma maji kwa saa mbili, akasema kisima kinatoa lita 5,000 kwa saa, akaandika karatasi moja, akafunga mtambo wake akaondoka. Msimu wa kwanza ulikuwa mzuri, tikiti ziliuzwa zikiwa bado shambani. Ekari mbili za tikiti kipindi cha jua kali zinataka kama lita 40,000 kwa siku, yaani pampu ifanye kazi saa nane, na jua la Dodoma saa nane linatoa. Nikawaambia ongezeni ziwe ekari nne, wekeni tangi. Mimi ndiye niliyewaambia. Jirani mmoja akaona mambo mazuri, naye akachimba. Wa pili pia.

Septemba ya mwaka uliofuata pampu ikaanza kuvuta hewa. Asubuhi maji yanatoka nusu saa, yanakata, wanasubiri saa mbili, yanatoka tena robo saa. Hoho zilikuwa zimeanza kuzaa. Waliniita, nikaenda, nikasimama pale kwenye mdomo wa kisima nikagundua kwamba sina cha kusema. Sikuwa na namba hata moja. Siku kinachimbwa maji yalikuwa mita ngapi kutoka juu? Fundi aliandika "maji mengi". Yalishuka taratibu mwaka mzima au yalishuka mwezi mmoja baada ya jirani kuwasha pampu? Hakuna aliyejua. Labda maji hayakushuka kabisa, bomba limeziba kwa mchanga? Hakuna aliyejua. Wakauza paneli ili kumaliza marejesho. Mmoja wao sasa anaendesha bodaboda mjini. Tukikutana ananiamkia kwa heshima ileile ya zamani, na hiyo ndiyo inayoniuma.

Baadaye nilipojifunza zaidi ndipo nikaelewa ile bluu niliyowaonyesha ilitoka wapi. Sehemu kubwa ilikuwa maziwa. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba karibu 69,000. Likipanda mita moja tu, ni tani bilioni 69 zimeongezeka mahali pamoja. Kwa kuwa jicho la setilaiti ni pana, uzito huo haubaki ndani ya mipaka ya ziwa kwenye ramani, unavujia kwa majirani. Mkulima wa Simiyu au Shinyanga akiangalia ramani ambayo haijasahihishwa anaweza kuona nchi yake imejaa maji, kumbe anaangalia uzito wa ziwa. Wataalamu wanajua tatizo hili na wana njia za kulisahihisha, ila marekebisho hayo hayaji na ile picha inayozunguka kwenye magrupu.

Sasa nije kwenye kuboresha, maana kuna mwenzangu mmoja kazini anasema haya mambo ya anga ni michezo ya matajiri, tuyaache. Sikubaliani naye hata kidogo.

Tatizo la vipimo hivi siku hizi haliko kwenye leza. Leza ni safi kuliko tunavyohitaji. Tatizo liko pembeni yake. Huko juu bado kuna hewa nyembamba inayozisukuma setilaiti, na mwanga wa jua nao unazisukuma. Msukumo huo lazima upimwe na kutolewa, la sivyo utadhani ni maji. Kuna kifaa maalumu cha kazi hiyo ndani ya kila setilaiti. Katika GRACE-FO kifaa cha setilaiti moja kilianza kusumbua muda mfupi baada ya kurushwa, ikabidi wataalamu wachukue vipimo vya ile nyingine, ambayo inapita mahali palepale nusu dakika kabla au baada, wavirekebishe na kuvipachika upande wa pili. Wamefanya kazi nzuri, lakini ni kama kupima joto la mtoto mmoja ukakisia la pacha wake.

Halafu kuna hewa na bahari. Uzito wa hewa juu yetu unabadilika kila saa, maji ya bahari yanakupwa na kujaa mara mbili kwa siku, wakati setilaiti zinahitaji mwezi kukamilisha ramani. Kwa hiyo inabidi hesabu za kompyuta zikadirie hewa na bahari zilikuwaje kila saa, zitolewe. Zikikosea, kosa linajitokeza kama michirizi mirefu kutoka kaskazini kwenda kusini, kwa sababu setilaiti zote mbili zinafuatana njia hiyo hiyo ya kaskazini na kusini na hazina jicho la upande. Dawa yake inajulikana: jozi ya pili inayopita kwa mshazari. Wamarekani na Wajerumani wanapanga kurusha jozi yao ijayo mwaka 2028, na shirika la anga la Ulaya linaandaa jozi ya mshazari mwanzoni mwa miaka ya 2030. Zikiwa juu kwa pamoja ramani zitakuja haraka zaidi na eneo linaloonekana litakuwa dogo zaidi. Bado haitakuwa ekari nane. Lakini inaweza kuwa bonde moja, na hapo serikali na bodi za maji za mabonde watakuwa na kitu cha kupangia.

Ukitaka kujua faida yake, tazama India. Majimbo matatu ya kaskazini magharibi, Punjab, Haryana na Rajasthan, ndiko kunakotoka ngano na mpunga mwingi wa nchi ile, na mashamba yanamwagiliwa kwa visima. Mwaka 2009 wanasayansi walitoa hesabu ya GRACE: kati ya Agosti 2002 na Oktoba 2008 eneo hilo lilipoteza kilomita za ujazo 109 za maji ya chini ya ardhi. Mvua katika miaka hiyo haikuwa mbaya. Maji yalinyonywa na pampu. Kila mkulima alikuwa anaona kisima chake tu kinashuka, anaongeza bomba, anachimba zaidi, anadhani ni bahati yake mbaya. Mizani ya angani ndiyo iliyojumlisha wote kwa pamoja na kutoa namba moja ambayo hakuna waziri anayeweza kuikataa.

Mnajua nini kilichangia kule? Umeme wa pampu ulikuwa wa ruzuku, sehemu nyingine bure kabisa. Mtu akishafunga pampu hana sababu ya kuizima. Sasa jiulizeni, pampu ya sola ina bili ya nani? Mimi nimezihubiri sana pampu za sola na bado nazihubiri, kwa mkulima wa tikiti hakuna kitu kizuri kama kuondokana na dizeli. Lakini dizeli ilikuwa breki. Ukikumbuka bei ya lita unazima. Paneli hazikukumbushi kitu. Jua likichomoza pampu inawaka, na wengi wenu hamzimi hata tangi likifurika. Nimeona kwa macho yangu maji yakimwagika mchana kutwa, kijana amekaa kivulini anasema, "Si ya bure, bwana shamba."

Si ya bure, na ushahidi mzuri uko hapahapa Dodoma. Kaskazini mwa mji kuna visima vya Makutapora vinavyolisha jiji. Kina cha maji pale kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950. Watafiti wa Tanzania na wa Uingereza walipoichambua rekodi ya miaka 55, matokeo yakichapishwa mwaka 2013, walikuta kwamba maji hayajazwi kidogo kidogo kila msimu kama tunavyodhani. Miaka mingi yanashuka tu. Halafu unakuja mwaka wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama El Niño ya 1997 na 1998, kina kinapanda ghafla, kisha kinaanza kushuka tena kwa miaka. Someni hilo tena, kwa sababu linabadilisha mpango wa biashara. Ukichimba mwaka mmoja au miwili baada ya mvua kubwa, kama walivyofanya vijana wangu, kisima kinakuonyesha uso wake mzuri kuliko yote. Kile unachokiita kawaida ni kilele. Marejesho ya mkopo wa miaka minne umeyapanga juu ya kilele.

Na jambo hilo halikugunduliwa na setilaiti. Limegunduliwa kwa sababu watu walikuwa wanashusha kamba kisimani na kuandika, mwaka baada ya mwaka, wengi wao wamestaafu na wengine wametangulia mbele za haki.

Ndiyo maana nasema kuboresha vipimo vya angani kwa upande wetu kunaanzia chini. Mizani inatoa jumla ya maji yote. Ili upate yaliyo chini ya ardhi lazima utoe ya ziwani, ya mtoni na ya kwenye udongo. Hayo tunayatoa kwa kutumia vituo vya mvua na vya mito, na kwetu vituo ni vichache. Ukitoa kwa makadirio mabovu, unachobaki nacho ni kibovu hata kama leza ni ya nanometa. Na mwisho lazima ulinganishe na visima halisi uone kama jibu ni la kweli. Punjab visima vya kulinganisha vilikuwepo. Kwetu vipo vichache mno. Wenzetu Kenya waliwahi kuonja hasara ya kukosa uhakiki: mwaka 2013 ilitangazwa kwamba chini ya Turkana, eneo la Lotikipi, kuna hazina kubwa ya maji iliyogunduliwa kwa msaada wa setilaiti za rada, dunia nzima ikashangilia. Walipochimba na kupima zaidi, mwaka 2015 ikaonekana maji yale yana chumvi mno, hayafai kunywa. Rada si uvutano, lakini somo la kuchimba na kupima ni hilohilo.

Kwa hiyo naomba kila mwenye kisima kirefu anayesoma hapa aanze kupima. Kifaa hakihitaji duka. Chukua waya wa nyuzi mbili, mrefu kuliko kina cha maji yako, ncha zake zimenyolewa na kuachanishwa kidogo, zifunge kwenye uzito mdogo. Juu unganisha betri na taa ndogo au kengele ya king'ora. Ukishusha, ncha zikigusa maji taa inawaka. Weka alama kwenye waya kila mita, sehemu iliyobaki malizia kwa futi ya fundi. Pima asubuhi kabla pampu haijawashwa, ikiwa imezimwa tangu jana jioni, kila mara kutoka ukingo uleule wa bomba. Osha waya kwa maji yenye klorini kabla ya kushusha, hasa kama maji hayo mnayanywa. Mara mbili kwa mwezi inatosha. Na kama ndiyo unachimba sasa, mwambie fundi aache bomba dogo la kupimia pembeni ya bomba la pampu, kwa sababu akishafunga kila kitu, waya hautapita. Mafundi wengi hawaachi. Usimlipe malipo ya mwisho bila hilo, na bila karatasi inayosema maji yalikuwa mita ngapi kabla ya kusukuma, yalishuka hadi wapi, na yalirudi kwa muda gani. Jaribio la saa mbili ni la kuonja. Kisima cha biashara kisukumwe kutwa nzima au zaidi.

Sasa nifike kwenye hofu, maana najua ipo na sitajifanya siioni. Kila nikilisema hili kwenye mkutano, mtu ananyanyua mkono nyuma: "Tukiwapa hizo namba si ndiyo mtatuongezea ada? Si ndiyo mtasema tumezidisha, kibali kifutwe?" Swali zuri. Siwezi kuwaahidi kwamba haitatokea, mimi si bodi ya maji. Kisheria kisima cha biashara kinatakiwa kibali, na wengi wenu hamna, na mimi wale vijana wanne sikuwauliza kuhusu kibali, nalo hilo naliweka kwenye hesabu ya makosa yangu.

Lakini geuzeni swali. Siku tajiri mmoja akinunua ekari mia mbili jirani yako, akachimba visima sita, maji yako yakashuka mita kumi na mbili, utaenda kulalamika na nini? Kwa mdomo? Atakuja na mhandisi wake, atasema ni ukame, ataonyesha ramani ya setilaiti yenye rangi nyekundu, na ramani itakuwa ya kweli. Ekari milioni 22 zimekuwa nyekundu, wewe ni nani? Daftari lenye tarehe, lililoanza miaka mitatu kabla hajafika, ndilo litakalosema kwamba maji yalianza kushuka Julai, mwezi aliowasha pampu.

Na serikali nayo isitake namba za wakulima bila kurudisha kitu. Kama mkulima anatoa kipimo, aone ramani ya visima vya kata yake, aone mwenendo wa bonde lake, kwa lugha anayoielewa. Ripoti za uchimbaji zilizojaa kwenye makabati ya kampuni na ofisi, ikiwemo ninayofanyia kazi, zitolewe. Nimelisema hili kwenye vikao na nitaendelea kulisema mpaka wanichoke. Zile setilaiti za mamilioni ya dola, vipimo vyake vipo wazi, mtu yeyote mwenye intaneti anavipakua bure. Karatasi ya kisima kilichochimbwa kwa fedha ya umma kijijini kwako huwezi kuipata bila kumjua mtu.

Yule kijana wa ekari nane nilimpigia baadaye. Hizo laki tatu na nusu nimemshauri aziweke kwenye upimaji wa kitaalamu wa palepale shambani, ule wa kupitisha umeme ardhini kutafuta nyufa kwenye mwamba, maana maji yetu huku mengi yamejificha kwenye nyufa na mwamba uliooza. Nao una makosa yake, ila angalau unapima ekari zake. Na kabla ya hapo azungukie visima vitano vya majirani na waya mkononi.

Nimeanza na cha ofisini kwetu, ambacho kwa miaka yote hii hakikuwahi kupimwa hata mara moja, na ofisi ni ya kilimo. Leo asubuhi maji yalikuwa mita 31 na sentimita 40 kutoka juu. Wiki mbili zilizopita yalikuwa mita 31 na sentimita 22. Cha kwako kiko ngapi? Andika hapo chini kijiji, tarehe na kina. Kama huna waya, njoo ofisini siku ya kazi, ninao wa akiba, unarudisha.